Ndege ya Vita Haipigwi Picha Bila Ardhi Yake

Picha za ndege za vita za zamani zinazosambazwa kwenye simu zetu hufanana sana. Ndege imewekwa katikati ya anga tupu, kila ribiti ya ubavuni inahesabika, na rafadha ya mbele imesimama tuli kana kwamba injini imezimika. Hakuna kiwanja, hakuna mti, hakuna mtu. Wapenzi wa ndege huzisifu kwa usafi wake, nami nakubali kwamba kuipata picha ya namna hiyo ni kazi. Hata hivyo naamini inatunyima jambo lenyewe lililotufanya tuinue macho. Ndege ya vita inayorushwa tena baada ya miaka 80 au 100 ina thamani kwa sababu inakwenda, na kwa sababu inaondoka katika ardhi yenye historia yake. Ukiondoa mwendo na ardhi unabaki na chombo tu, na chombo kilichosimama tungeweza kukitazama ndani ya jumba la makumbusho. Sisi wa pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Diani hadi Gazi na Msambweni, tuna sababu ya pekee ya kulishika jambo hili, kwa kuwa baadhi ya ndege za kwanza kupigana Afrika Mashariki zilifanya kazi yao katika bahari hii hii, juu ya mikoko ya aina hii hii.

Tuanze na mwendo. Kamera hupiga picha kwa kuuruhusu mwanga uingie kwa muda mfupi sana, na muda huo ndio unaoamua rafadha itaonekanaje. Chukua Tiger Moth, ndege ya Kiingereza yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, ambayo marubani wengi wa Vita vya Pili vya Dunia walijifunzia. Rafadha yake huzunguka takriban mara 2,000 kwa dakika, yaani kama mara 33 kwa sekunde. Kamera ikifunguka kwa sehemu moja ya 2,000 ya sekunde, rafadha husogea nyuzi 6 tu, ikaonekana imeganda. Ikifunguka kwa sehemu moja ya 125, rafadha hupita zaidi ya robo ya mzunguko, na ukungu wa mzunguko huo huonekana. Kwa sehemu moja ya 60, panga zake mbili huwa zimefagia duara zima. Kwa hiyo mpiga picha anayetaka ndege iliyo hai hana budi kupunguza kasi ya kamera, kisha aifuate ndege kwa mwili wake wote, akizunguka kiunoni taratibu, akiendelea kuifuata hata baada ya kubonyeza. Akifaulu, ndege hubaki wazi, rafadha huwa duara la ukungu, na miti ya nyuma hunyooka kuwa mistari. Simu ina taabu yake ya ziada. Katika jua la Kwale huchagua yenyewe kasi kubwa, na kwa kuwa huisoma picha mstari baada ya mstari, rafadha hutoka imepinda au imekatika vipande vinavyoelea hewani. Dawa yake ni kichujio cheusi mbele ya lenzi, pamoja na programu inayokuachia upange kasi mwenyewe.

Wapo watakaopinga kwamba ndege iliyoganda huonyesha mengi zaidi, na kwamba kwa kasi ndogo picha nyingi hutoka na ukungu na kutupwa. Ni kweli hutupwa nyingi. Lakini anayetafuta umbo la ribiti au namba ya mkiani ana nafasi nzuri zaidi ndege ikiwa chini, injini ikiwa imezimwa, tena akiwa na muda wa kutosha. Angani kuna habari ambayo haipatikani penginepo: jinsi ndege inavyobeba uzito, inavyoyumba kwenye upepo, inavyokokota kabla ya kuacha ardhi. Hiyo ndiyo habari inayotupwa kasi ya kamera ikiwa kubwa na lenzi ikivutwa hadi ndege ijaze fremu yote.

Umuhimu wa ardhi unaonekana katika kisa cha Rufiji. Tarehe 20 Septemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko. Oktoba mwaka huo vita vilifika Gazi penyewe, Wajerumani waliovuka mpaka kutoka upande wa Tanga walipopashambulia. Waingereza walihitaji macho ya angani kuitafuta Königsberg. Rubani wa kiraia kutoka Durban, Dennis Cutler, aliletwa na ndege za Curtiss zinazotua majini hadi kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia. Rejeta ya ndege yake iliharibika, ikabidi itafutwe ya gari la Ford kutoka Mombasa. Novemba aliiona Königsberg. Desemba injini ilimwangusha mtoni akatekwa. Mwanzoni mwa 1915 zikaletwa ndege za Sopwith, nazo zikashindwa na hali ya hewa. Hewa ya joto ni nyepesi, bawa hupata msaada mdogo na injini hupungukiwa nguvu, huku gundi iliyoshikilia mbao za rafadha ikiachia kwa joto na unyevu. Hazikuweza kuruka na mzigo wa maana. Aprili zikafika ndege za Short kutoka Bombay, zilizochakaa tayari, na hizo ndizo zilizofanikiwa kuipiga picha Königsberg kutoka angani. Hatimaye zikaja Caudron na Henri Farman za magurudumu, zilizohitaji kiwanja cha nchi kavu, nacho kikatengenezwa Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na msaidizi wake Arnold walizunguka juu ya delta wakielekeza mizinga ya meli ndogo za Severn na Mersey. Ndege yao ikapigwa, lakini waliendelea kutuma masahihisho huku wakishuka, wakaanguka mtoni, na wote wawili wakaokolewa. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa mwisho wa Königsberg. Mizinga yake ilitolewa ikapiganishwa nchi kavu, na mmoja wake uko Fort Jesus, Mombasa, ambako yeyote anaweza kuugusa.

Katika mkasa huo wote, kila kilichoamua mambo kilikuwa nje ya ndege: joto, unyevu, upepo, mchanga, umbali wa kupata rejeta, kisiwa chenye nafasi ya kiwanja, mikono ya kuvuta chombo ufukweni. Picha ya Sopwith peke yake kwenye anga jeupe ingemfanya mtazamaji adhani alikuwa na mashine yenye nguvu mbele yake. Picha iliyoonyesha bahari tulivu, jua kali na ndege inayojikokota majini bila kuinuka ingemweleza ukweli. Hata picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege za Short zilikuwa na faida kwa sababu zilionyesha meli pamoja na mazingira yake, yaani mikono ya mto na misitu, bila ambayo wapiga mizinga wasingejua waelekeze wapi. Watafiti wa mikoko hapa Gazi wanaifahamu faida hiyo vizuri, maana wamelinganisha picha za angani za miongo iliyopita na za karibuni kupima msitu ulipopungua na uliporudi.

Basi ardhi iingie ndani ya fremu, na huku kwetu si vigumu. Ufuo unatazama mashariki, kwa hiyo kati ya saa moja na saa tatu asubuhi mtu anayeupa mgongo upande wa bahari hupata mwanga ubavuni mwa ndege na minazi nyuma yake. Machi na Oktoba jua la saa sita hutuangukia utosini, na tumbo la ndege huwa jeusi tii. Hapo mchanga mweupe wa Diani husaidia, kwa kuwa hurudisha mwanga juu ndege ikipita chini. Pia ndege huruka ikiukabili upepo. Anayejua kusi na kaskazi, kama anavyojua kila mvuvi wa Gazi, anaweza kukisia ndege itainukia upande gani kabla injini haijawashwa, akachagua mahali ambapo mwanzo wa safari utaonekana pamoja na uwanja, wasaidizi na vumbi.

Pingamizi zito zaidi ni la kimaadili. Wengine huuliza kwa nini tupendezeshe silaha, hasa katika nchi ambayo ndege za Harvard na Lincoln za Waingereza zilidondosha mabomu kwenye misitu ya Mlima Kenya na Aberdare kati ya 1953 na 1955, dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau. Swali hilo ni la haki na sidhani lina jibu jepesi. Lakini anga tupu ndilo linalopendezesha. Harvard iliyotengwa na kila kitu ni ya njano, ya duara, ya kupendeza. Harvard yenye maelezo ya mahali ilipotumika, ikiwa na mlima au msitu nyuma yake, inamlazimisha mtazamaji aulize ilibeba nini na nani alikuwa chini. Wengine huhofia usalama, na wana sababu: Shoreham, Uingereza, Agosti 2015, ndege ya Hawker Hunter iliua watu 11 barabarani, na huko Dallas, Marekani, Novemba 2022, ndege mbili za Vita vya Pili zikagongana na watu 6 wakafa. Kwangu hilo ni hoja ya masharti makali ya urushaji, na ya kuziacha chini zile chache zilizobaki peke yake duniani. Mpiga picha naye akae nyuma ya mstari aliowekewa, asirushe droni karibu na ndege, na hapa Kenya asiitumie bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kambi za kijeshi kama Laikipia na Eastleigh hazipigwi picha bila ruhusa.

Linabaki dai kwamba haya ni mambo ya matajiri wa nje. Ndege ni zao, kweli. Novemba na Desemba 2016 msafara wa ndege za mabawa mawili za miaka ya 1920 na 1930 ulitoka Crete hadi Cape Town, ukapita Kenya na Zanzibar. Lakini ardhi ni yetu. Uwanja wa Port Reitz, Mombasa, ambao baadaye ukawa uwanja wa kimataifa wa Moi, ulitumiwa na ndege za vita za Waingereza katika Vita vya Pili, na Catalina za kutua majini zilifungwa Kipevu zikitafuta nyambizi baharini. Mwenye kamera anayejua hayo ana mengi zaidi ya kuonyesha kuliko mgeni mwenye lenzi ndefu. Wala asingoje Tiger Moth ije. Ndege ndogo za rafadha hutua Ukunda kila siku, na panga zake hufuata hesabu ile ile: asimame mahali palipo wazi kwa umma, apange kamera kwenye sehemu moja ya 125, aache minazi na njia ya kurukia ndani ya picha, kisha chini yake aandike tarehe, aina ya ndege, upepo ulikotoka na majina ya walioisukuma, kama wameridhia.