Sehemu Zisizooana: Kwa Nini Kielelezo Hukataa Kuungika

Kila mwalimu aliyewahi kuwasimamia wanafunzi wakitengeneza kielelezo, kiwe cha nyumba, cha gari au vinyago vya mchezo wa mezani, anaifahamu siku ile ambapo sehemu zote zimekwisha kukatwa, zimepangwa mezani, na hazioani. Ulimi hauingii tunduni, au unaingia na kuchezacheza. Jambo la kwanza alifanyalo mwanafunzi ni kuchukua tupa. La pili ni kumimina gundi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba yote mawili, mara nyingi, hufanywa kabla ya mtu kujua ni nini hasa kilichoharibika.

Nitaeleza kisa kilichonipata mwenyewe. Katika shule moja isiyo mbali na Tandala, huko Makete, wanafunzi wa kikundi cha sayansi walibuni mchezo wa mezani. Ubao wake ulichorwa njia ya reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na wachezaji walishindana kusafirisha shehena za kokoto kwa mabehewa madogo. Mabehewa hayo, 12 kwa jumla, yalichongwa kwa kipimo cha 1 kwa 30. Mbao zilikuwa za msonobari, ambao wauza mbao huuita paina, mti uliojaa katika mashamba ya Makete na Njombe.

Kazi ilifanyika mwezi Machi, wakati wa mvua na ukungu, na mbao zilikuwa zimetoka msumenoni majuma machache tu yaliyopita. Sakafu ya kila behewa, yenye upana wa milimita 90, ilipachikwa katika mifereji iliyochimbwa kwenye kuta. Iliingia kwa kukaza, nasi tukafurahi. Mwezi Agosti tuliyachukua mabehewa hadi Makambako kwenye maonyesho. Baada ya miezi ya kiangazi na upepo mkavu, sakafu zilikuwa zimechomoka mifereji, na kokoto zikadondoka mbele ya wageni. Mwanafunzi aliyekuwa kiongozi wa kazi hiyo alisimama kando, asitake hata kuulizwa jina. Nami, badala ya kufikiri, nikamwambia azibe mapengo kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Mvua ziliporudi, sakafu zilivimba zikausukuma ule mseto uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe, na kuta nyembamba zikapasuka. Mabehewa 8 yaliharibika kabisa. Kosa halikuwa lake.

Kilichotokea kinaweza kupigiwa hesabu. Mbao mbichi ina maji ya namna mbili: yale yaliyomo katika uwazi wa chembe, na yale yaliyonyonywa na kuta za chembe zenyewe. Ya kwanza huondoka bila kuibadili mbao umbo. Lakini unyevu unaposhuka chini ya kiasi cha asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, maji ya kuta huanza kutoka, na hapo ndipo mbao hupungua. Haipungui sawa kila upande. Kwa kufuata duara za miaka, msonobari hupungua kwa kadiri ya asilimia 7 hadi ukauke kabisa. Kwa kukata duara hizo, karibu nusu ya hapo. Na kwa urefu wa nyuzi, kidogo mno hata fundi haihesabu. Sakafu zetu zilipungua hadi kufikia nusu ya njia tu, yaani asilimia 4 hivi. Asilimia 4 ya milimita 90 ni milimita 3.6. Mifereji yetu ilikuwa na kina cha milimita moja na nusu kila upande.

Kwa hiyo dawa haikuwa kuziba pengo bali kuiachia sakafu nafasi ya kupumua: mifereji iwe na kina zaidi, na gundi ipakwe mahali pamoja tu, katikati, ili kingo ziweze kwenda na kurudi. Na kabla ya yote, mbao ikauke. Shule yenye mizani ya maabara inaweza kulithibitisha hilo: kipande kipimwe kila juma, na kikatwe siku uzito utakapokoma kupungua. Anayetaka unyevu wenyewe na apime kipande, akikaushe ndani ya tanuri kwa nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito usibadilike tena, kisha apime upya. Kikianza na gramu 130 na kuishia gramu 100, maji yalikuwa asilimia 30.

Si kila kiungo kigumu ni cha unyevu. Mara nyingine ni kinundu kidogo kisichoonekana kwa macho, na mwanafunzi hupiga tupa kila mahali isipokuwa hapo. Mafundi wana hila nzuri. Paka masizi au chaki upande mmoja, bana sehemu mbili kwa utepe wa mpira wa baiskeli, kisha zitenganishe. Pale palipochafuka ndipo panapogusana. Punguza hapo tu, kidogo kidogo, ujaribu tena bila gundi.

Wachezaji wa ng'ambo, ambao hununua vinyago vya askari na mazimwi vya plastiki au rezini vikiwa vipande vipande, hupambana na tatizo la jamii hiyohiyo. Rezini hupungua kidogo inapoganda ndani ya kalibu, na kipande chembamba kama mkuki hujipinda. Hutiwa katika maji ya moto, hunyooshwa kwa vidole, kisha huzamishwa katika maji baridi. Plastiki ya polistirini ni kaidi zaidi, kwani hulainika karibu na nyuzi 100, na penye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi.

Lipo kosa jingine ambalo tupa haliwezi. Mwanafunzi wetu mmoja alitengeneza magurudumu ya mabehewa mawili kwa kufuata vipimo vya Reli ya Kati ya zamani. Nafasi kati ya reli zake ni milimita 1,000. Ya TAZARA ni 1,067. Katika kipimo chetu tofauti ni milimita 2 tu, lakini magurudumu yalitumbukia kati ya reli. Jambo hilo limo pia katika reli za kweli, ndiyo maana tangu mwaka 1998 kuna kituo Kidatu cha kuhamishia mizigo kutoka behewa la njia moja hadi la nyingine. Ekseli zetu zilitengenezwa upya.

Mabehewa ya mara ya pili yalichongwa na mwanafunzi yuleyule aliyesimama kando kule Makambako. Mwezi Agosti ukitazama ukingo wa sakafu unaona mstari mweupe wa mbao isiyopakwa rangi, uliokuwa umejificha mferejini. Machi ukifika hauonekani.