Nafasi ya Pleti za Klachi katika Giaboksi Otomatiki ya Mashindano

Giaboksi otomatiki hubadilisha gia kwa kubana na kuachia mafungu ya pleti, ambamo pleti za msuguano, zilizogandishwa utando wa nyuzi pande zote mbili, hupishana na pleti tupu za chuma ndani ya dramu moja. Oili yenye shinikizo inapoingia nyuma ya pistoni, fungu zima hubanwa na kuzunguka kama kitu kimoja. Oili inapotolewa, springi huirudisha pistoni na pleti zikaachana. Umbali ambao pistoni husafiri kabla ya pleti kushikana ndio nafasi ya klachi, na fundi anayeijenga upya giaboksi ya gari la mashindano hana kipimo kingine kidogo kiasi hicho chenye uzito mkubwa kama huo.

Kanuni iliyozoeleka kwa mafundi wa Marekani ni inchi 0.010, yaani takribani milimita 0.25, kwa kila pleti ya msuguano, hivyo kwamba fungu la pleti 5 hupewa takribani milimita 1.25. Wajenzi wa magari ya mashindano hupenda kuipunguza, kwa kuwa pistoni yenye safari fupi huhitaji oili kidogo ili kufika, na gia huingia upesi. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haizihusu klachi zote kwa kiwango kimoja.

Mfano mzuri ni Turbo-Hydramatic 400, giaboksi ya gia tatu iliyotolewa na General Motors mwaka 1964 na ambayo hadi leo hupendwa katika mbio za mstari mnyoofu. Klachi yake ya mbele hushika katika gia zote tatu, kwa hiyo katika mbio za kawaida huwa imekwisha kushika kabla gari halijaondoka, na kuibana mno hakuleti faida ila gari kutambaa likiwa katika nyutro. Klachi ya gia ya tatu ndiyo yenye kudai uangalifu. Katika gia ya kwanza dramu yake huzunguka kinyume, huku kitovu kinachobeba pleti za msuguano kikizunguka pamoja na shafti ya kuingizia nguvu, na kwa uwiano wa meno ya giaboksi hiyo tofauti ya mwendo kati ya pleti za msuguano na za chuma hufikia takribani mara 1.8 ya mwendo wa shafti: shafti ikiwa katika mizunguko 6,000 kwa dakika, pleti hupishana kwa takribani 11,000. Pleti zilizokosa nafasi ya kutosha hukokotana kwa mwendo huo, oili iliyo kati yake huchemka, na chuma hubabuka madoa ya buluu kabla klachi haijafanya kazi yake hata mara moja. Hapa ndipo ubahili wa sehemu ndogo ya milimita humgharimu mjenzi fungu zima.

Nafasi iliyozidi nayo ina madhara yake, kwani pistoni huchelewa kufika, injini hupaa bila mzigo katikati ya gia mbili, kisha pleti hushikana kwa kishindo. Na kadiri utando wa msuguano unavyolika, ndivyo nafasi inavyozidi kupanuka.

Kipimo huchukuliwa fungu likiwa limekamilika ndani ya dramu, kwa kupitisha fila geji kati ya pete ya kufungia na pleti nene ya mwisho, pasipo kuigandamiza pleti ya mawimbi ikiwa imo, maana kuigandamiza huonyesha nafasi isiyokuwepo. Marekebisho hufanywa kwa pete au pleti za chuma za unene tofauti. Ila kuongeza idadi ya pleti za msuguano kwa kutumia chuma chembamba, jinsi wengi wafanyavyo, hupunguza uzito wa chuma unaopokea joto la kila mbadiliko. Pleti mpya za msuguano hulowekwa katika oili ya giaboksi kabla ya kufungwa, na kabla dramu haijarudishwa mahali pake hewa ya kompresa hupulizwa katika tundu la oili: pistoni iende na kurudi waziwazi, na hewa ikikatwa, pleti zizunguke kwa mkono bila kukwama.