Je, Wajua? Wakongwe wa Jazi Walipokutana Studio

Je, wajua kwamba mpuliza tarumbeta Bunk Johnson wa New Orleans alirekodi santuri yake ya kwanza baada ya kuwekewa meno ya bandia?

Mwishoni mwa miaka ya 1930, watafiti waliokuwa wakiandaa kitabu cha historia ya jazi, kilichotoka mwaka 1939 kwa jina la Jazzmen, walilisikia jina lake kutoka kwa wanamuziki wa zamani. Walimkuta New Iberia, mji mdogo wa Louisiana uliozungukwa na mashamba ya miwa, akiishi kwa kazi za kubangaiza. Muziki alikuwa ameuacha, na meno ya mbele hana. Mpuliza tarumbeta asiye na meno ya mbele ni kama amekatwa mikono: chombo kinaukandamiza mdomo, na mdomo hauna pa kuegemea. Basi mchango ukapitishwa, na meno mapya yakatengenezwa na daktari Leonard Bechet, ndugu wa Sidney Bechet, yule bingwa wa klarineti na saksafoni. Mwezi Juni 1942 Bunk akaingia kurekodi pamoja na George Lewis kwenye klarineti na Jim Robinson kwenye tromboni. Yeye mwenyewe alidai amezaliwa 1879. Watafiti waliokuja baadaye wanaona alijiongezea miaka kama kumi hivi, ili ahesabiwe miongoni mwa walioishuhudia jazi ikizaliwa. Wasanii wengi hupunguza umri, huyu alijizeesha.

Je, wajua kwamba Louis Armstrong na Duke Ellington, majina mawili makubwa kuliko yote katika jazi, walikaribia uzee kabla ya kutoa albamu nzima pamoja? Sababu haikuwa ugomvi. Kila mmoja alikuwa na bendi yake, ratiba yake ya safari na mikataba yake, na mwenye bendi haachi watu wake wakae bure wiki nzima ili akapige na mwenzake. Tarehe 3 na 4 Aprili 1961, prodyuza Bob Thiele aliwapata wote wawili New York. Duke hakuja na kundi lake. Alikalia tu kiti cha Billy Kyle, mpiga piano wa Armstrong, na nyimbo zote zikawa zake Duke. Kwa siku hizo mbili zilipatikana nyimbo 17, zikatosha albamu mbili.

Wepesi huo una maelezo yake. Wanamuziki wote walikuwa chumba kimoja, wakipiga kwa pamoja. Hakuna aliyekuja kesho yake kubandika sauti yake juu ya wenzake. Ukikosea, wote mnarudia. Halafu nyingi ya nyimbo zenyewe zilikuwa zimekwisha zoeleka kwa wapiga jazi wa rika lao. Na kwenye klarineti alisimama Barney Bigard, ambaye kabla ya kuwa mtu wa Armstrong alipiga na Duke kuanzia 1927 hadi 1942 na kushiriki kutunga "Mood Indigo". Alizijua nyumba zote mbili.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 6 Julai 1961, Duke aliingia studio na Count Basie, safari hii kila mmoja na okestra yake kamili. Waliosema mafahali wawili hawakai zizi moja hawakuwa na spika mbili: okestra moja iliwekwa upande wa kushoto, ya pili upande wa kulia, kwa hiyo msikilizaji mwenye redio ya stirio anazitenganisha kwa masikio. Ukiisikiliza albamu hiyo kwa spika moja ya simu, umepoteza nusu ya utamu.

Mwaka uliofuata ndio unaonishangaza zaidi. Duke alikuwa na miaka 63. Agosti 18, 1962 alirekodi na Coleman Hawkins, mtu aliyeifanya saksafoni ya teno iheshimiwe katika jazi, baada ya wawili hao kuahidiana kwa miaka kama ishirini kwamba iko siku watafanya hivyo. Kwa ajili ya mgeni wake, Duke alileta wimbo mpya wenye kutaja lakabu ya Hawkins, "Bean". Septemba 17 alikutana na Charles Mingus kwenye besi na Max Roach kwenye drams, wote wadogo kwake kwa zaidi ya miaka ishirini. Inasimuliwa kwamba Mingus alikasirika katikati ya kazi, akafungasha besi lake na kutoka, na mzee akamfuata nje kumbembeleza mpaka akarudi. Kumbuka kwamba Mingus huyohuyo alifukuzwa kwenye okestra ya Duke mwaka 1953 baada ya kugombana na mwenzake. Albamu iliyotokana na siku ile, Money Jungle, ina ukali ambao usingeutarajia kwa mtu wa umri wa Duke.

Siku tisa baada ya hapo, Septemba 26, zamu ikawa ya mpuliza saksafoni John Coltrane. Coltrane alikuwa na desturi ya kurudia wimbo mpaka aridhike. Duke hakuona haja: kilichotoka vizuri mara ya kwanza kiachwe. Baadaye Coltrane alikiri kwamba angependa kuzirudia nyimbo zote, ila huenda ule uhai wake ungepotea. Kikao hiki na kile cha Hawkins vilifanyika kwa Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, New Jersey, katika chumba chenye dari refu la mbao. Van Gelder alisomea upimaji wa macho, na kwa miaka mingi alipima macho ya watu mchana huku akirekodi jazi kwa wakati wake wa ziada. Maikrofoni zake alizishika akiwa amevaa glavu.

Ukongwe nao hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Tarehe 8 Desemba 1957, televisheni ya CBS ilirusha moja kwa moja kipindi cha The Sound of Jazz. Billie Holiday, mwenye miaka 42, alikaa kwenye kigoda akiimba "Fine and Mellow", amezungukwa na Ben Webster, Coleman Hawkins, Roy Eldridge na wengine. Mpuliza saksafoni Lester Young alikuwa na miaka 48, lakini pombe na maradhi vilikuwa vimemmaliza kiasi kwamba sehemu nyingine aliyopangiwa katika kipindi alipewa mtu mwingine. Yeye ndiye aliyembatiza Billie jina la Lady Day, naye Billie akamwita Prez, yaani rais. Zamu yake ilipofika alipuliza mzunguko mmoja tu wa wimbo, chini ya dakika moja, sauti chache zilizoachiana nafasi. Kamera ikamnasa Billie akimtazama na kutikisa kichwa polepole. Wenzake waliomtangulia na waliomfuata walipiga sauti nyingi kuliko zake, na nani leo anazikumbuka? Lester alifariki Machi 1959, Billie Julai ya mwaka huohuo.

Je, wajua kwamba Doc Cheatham alipata umaarufu kama mpiga solo akiwa ameshavuka umri wa kustaafu? Alizaliwa Nashville mwaka 1905, na ujana wake mwingi, ikiwemo miaka ya bendi ya Cab Calloway, aliutumia kuongoza safu ya tarumbeta: anashika sauti ya juu, wengine wanaibuka mbele kupata makofi. Solo alizichukulia uzito uzeeni. Mwaka 1996, akiwa na miaka 91, alirekodi na Nicholas Payton, kijana wa New Orleans aliyezaliwa miaka 68 baada yake. Mzee alipuliza na kuimba pia, tarumbeta ameielekeza juu kama ilivyokuwa kawaida yake. Alifariki Juni 2, 1997, siku 11 kabla hajatimiza miaka 92. Tuzo ya Grammy waliyopata pamoja kwa "Stardust" ilitolewa mwaka 1998.

Wengine kwa ufupi. Mpiga piano Hank Jones na mpiga besi Charlie Haden walirekodi nyimbo za dini Februari 2010. Jones akafariki Mei, akiwa na miaka 91, na albamu hiyo, Come Sunday, ikatoka 2012. Ni Jones huyohuyo aliyempigia piano Marilyn Monroe alipomwimbia Rais Kennedy wimbo wa siku ya kuzaliwa mwaka 1962. Naye Marshall Allen, kiongozi wa bendi ya Sun Ra Arkestra aliyezaliwa Mei 1924, alitoa albamu ya kwanza yenye jina lake mwenyewe Februari 2025. Hesabu mwenyewe.

Na kwetu? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la kuhudumia wazee la HelpAge lilisaidia kuwakusanya Dar es Salaam wanamuziki wa dansi ambao bendi zao zilikuwa zimekufa na vyombo hawana. Miongoni mwao alikuwamo mcharaza gitaa Salum Zahoro, aliyewahi kuvuma na Kiko Kids ya Tabora. Bendi ikaitwa Shikamoo Jazz, na jina hilo lilihitaji maelezo kwa Wazungu tu. Chela Chela, albamu yao, ilitoka 1995, na mwaka huohuo wakapanda ndege kwenda kupiga Uingereza wakiwa na Bi Kidude wa Zanzibar na Fundi Konde wa pwani ya Kenya, mzaliwa wa 1924, aliyeanza kurekodi zama za sahani za santuri zilizokuwa zikivunjika ukiziangusha.