Mbuzi wa Krismasi Asiyechinjwa

Jumanne ni siku ya soko la mifugo Kimana, mji wa Wamaasai jirani na Amboseli, Kenya, na Jumanne ya mwisho kabla ya Krismasi haina mchezo. Wanunuzi huja na malori, huwapapasa mbuzi mgongoni na kiunoni kupima mnofu, nayo bei hupanda kadiri jua linavyopanda. Kwa mfugaji, huo ndio msimu wa mavuno. Hatua chache kutoka hapo zimetundikwa nguo za watoto, na si ajabu pesa ya mbuzi kugeuka gauni, viatu na kreti ya soda kabla mwenyewe hajafika nyumbani.

Gauni halina ubaya. Tatizo huanza pale mtu anaponunua kwa ajili ya macho ya jirani. Kijana wa Kimana aliyehamia Kitengela kutafuta riziki anajua kwamba mkono mtupu haulambwi. Basi Desemba hukopa kwa simu, hulipa nauli iliyopandishwa, akashuka stejini na mifuko ya kila rangi. Haupiti muda, Januari shule zinafunguliwa, karo inadaiwa, na mkopo nao umeiva. Wakenya wameubatiza mwezi huo Njaanuari, na wanaoucheka ndio hao hao unaowakaba.

Wamaasai hawana haja ya kwenda mbali kutafuta dawa. Wana osotua, uhusiano wa watu wawili unaoanza kwa ombi na zawadi, mara nyingi mnyama, na unaoweza kurithiwa na watoto. Masharti yake ni machache lakini makali. Mtu huomba kwa sababu ana shida, wala haombi kupita shida yake. Anayeombwa hutoa, mradi kutoa kusimwangushe yeye mwenyewe. Hakuna daftari la madeni: aliyepewa ng'ombe hadaiwi ng'ombe, ila siku mwenzake akikwama, naye ataombwa. Isitoshe, Wamaasai waliopeana mifugo wana desturi ya kuitana kwa zawadi yenyewe. Wa ng'ombe huitana pakiteng, wa kondoo paker, hivyo zawadi hutajwa kila wanapoamkiana.

Lee Cronk, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, aliichunguza desturi hii kwa Wamaasai wa Mukogodo, kaskazini mwa Mlima Kenya. Katika utafiti uliochapishwa 2007, aliwachezesha wanaume mchezo wa kupeana pesa. Walioambiwa kwamba mchezo ule ni wa osotua walipeana kiasi kidogo kuliko wenzao, na walitarajia kurudishiwa kidogo. Huo haukuwa uchoyo. Katika osotua hakuna sifa ya kumwaga mali. Kinachotazamwa ni haja ya mwenzako. Mwaka 2011 Cronk na wenzake waliunda mifugo ya kompyuta, wakaipitisha kwenye ukame na magonjwa ya kubuni. Mifugo ya familia zilizosaidiana kwa masharti ya osotua ilidumu muda mrefu zaidi.

Kimana haikuhitaji kompyuta kujua hilo. Ukame uliofikia kilele 2022 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 katika maeneo kame ya Kenya, na pale jirani, Amboseli, hata tembo walikufa. Boma lililobakiwa na mbuzi wachache halina shida ya keki. Mbuzi jike mwenye mimba, akipelekwa hai, huendelea kuwa zawadi hata baada ya Pasaka.

Wala ukarimu wa namna hiyo hauishii kwa jamaa. Mwezi Juni 2002, Wamaasai wa Enoosaen, karibu na Kilgoris, waliwapa watu wa Marekani ng'ombe 14 kuwafariji kwa mashambulizi ya Septemba 11, 2001, baada ya kusimuliwa na kijana wao aliyekuwa New York siku ile. Ng'ombe hao hawakupandishwa ndege. Walibaki kutunzwa hapo hapo. Wako waliocheka. Lakini waliotoa walikuwa wametoa kitu wanachokithamini kuliko vyote.

Linganisha na ukarimu wa kamera, ule wa kumpanga mjane foleni, kumshikisha pakiti ya unga na kumpiga picha kabla hajashukuru. Afadhali mara kumi chama cha nyama, ambapo majirani huchanga kidogo kidogo mwaka mzima, wakanunua fahali na kugawana kwa mizani bila mtu kukopa. Chama kikitenga fungu moja kwa nyumba iliyoshindwa kuchanga, na likapelekwa jioni bila matangazo, hapo Krismasi imefika.

Kwa hiyo anayejiandaa kusafiri mwaka huu apige simu nyumbani kabla ya kununua chochote. Aulize ni mtoto yupi wa ukoo hana sare ya Januari, na ni boma lipi halijainuka tangu ukame. Akishayashughulikia hayo mawili, soda anunue kwa chenji.