Upande Kwanza, Sababu Baadaye

Tarehe 16 Agosti 2022, siku moja baada ya William Ruto kutangazwa mshindi wa urais wa Kenya, makamishna wanne wa tume ya uchaguzi, IEBC, waliwaita wanahabari jijini Nairobi na kueleza kwa nini walikuwa wameyakana matokeo hayo. Juliana Cherera, aliyekuwa makamu mwenyekiti wa tume, alisema kwamba asilimia za wagombea wote wanne zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 iliyozidi ni sawa na kura 142,000 hivi.

Hesabu hiyo mwanafunzi wa darasa la saba angeikagua kwa simu ya mulika mwizi. Kura halali zilikuwa milioni 14.2 na ushei. Asilimia 0.01 ya kura hizo ni 1,420 hivi, wala si 142,000. Hata hizo 1,420 hazikuwa za mtu yeyote. Asilimia zilikuwa zimekadiriwa hadi tarakimu mbili baada ya nukta, yaani 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23, na ukikadiria namna hiyo jumla inaweza kupita mia kwa chembe.

Kukosea hesabu ni jambo la kawaida. La kushangaza ni namna kosa lile lilivyopokewa. Kwa wengi waliomtaka mpinzani mkuu wa Ruto, Raila Odinga, 142,000 ilikuwa ithibati kwamba kura zimeibwa, nao wakaisambaza bila kuikagua. Waliomtaka Ruto walitoa vikokotoo dakika ileile. Lau angetangazwa Raila, vikokotoo vingetoka mifuko ya upande wa pili.

Mpiga kura hupenda kuamini kwamba yeye hupima ushahidi kwanza, kisha akaamua. Watafiti wa saikolojia ya siasa wanasema mara nyingi mambo huwa kinyume. Uamuzi huwa umeshakaa, kisha akili hutumwa sokoni kuutafutia sababu. Na soko la siasa halikosi bidhaa.

Mahakama ya Juu ya Kenya ni mfano mzuri, kwa sababu imeamua kesi za urais mara kadhaa chini ya katiba moja. Mwaka 2013, ikiongozwa na Jaji Mkuu Willy Mutunga, ilithibitisha ushindi wa Uhuru Kenyatta. Tarehe 1 Septemba 2017, chini ya David Maraga, majaji wanne dhidi ya wawili walifuta ushindi wa Uhuru na kuamuru uchaguzi urudiwe. Tarehe 5 Septemba 2022, chini ya Martha Koome, majaji wote saba walithibitisha ushindi wa Ruto.

Katika kesi hizo tatu, Raila alikuwa miongoni mwa walalamikaji. Wafuasi wake waliilaumu mahakama mwaka 2013, wakaisifu kama ngome ya haki mwaka 2017, kisha wengi wao wakailaumu tena mwaka 2022. Upande wa Uhuru nao ulikuwa umeishangilia mahakama mwaka 2013. Miaka minne baadaye, Uhuru alisema anaiheshimu hukumu ingawa haikubali, kisha siku hiyohiyo akawaita majaji "wakora" mbele ya umati jijini Nairobi. Kila mara sababu zilipatikana, na kila mara zilisikika kama za kisheria: fomu 34A za matokeo ya vituoni, seva za tume, idadi ya majaji waliopinga. Ni wachache waliokuwa wamesoma hukumu yenyewe.

Je, watu hawa husema wasichokiamini? Jaribio moja la Marekani linatoa jibu la nusu. Baada ya Donald Trump kuapishwa Januari 2017, mtafiti Brian Schaffner na mwenzake Samantha Luks waliwaonyesha watu wazima picha mbili za umati jijini Washington, moja ya kuapishwa kwa Barack Obama mwaka 2009 na nyingine ya Trump. Baadhi yao waliulizwa swali ambalo hata mtoto angelijibu: ni picha ipi yenye watu wengi zaidi? Tofauti ilionekana wazi kwa macho. Hata hivyo, asilimia 15 ya waliompigia Trump walichagua picha ya Trump, yenye watu wachache. Kwa waliompigia Hillary Clinton, waliokosea walikuwa asilimia 2.

Macho yao hayakuwa na kasoro. Waliulizwa swali moja wakajibu jingine: wewe ni wa nani? Shabiki wa Gor Mahia hufanya vivyo hivyo timu yake inaponyimwa penalti. Watafiti wengine waliwapa Wamarekani vijisenti kwa kila jibu sahihi kuhusu uchumi na vita, na pengo kati ya wafuasi wa vyama viwili likapungua kwa zaidi ya nusu. Walipolipwa pia kwa kukiri "sijui", pengo lilipungua zaidi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya ubishi wa kisiasa ni ushabiki, na shabiki hujua zaidi ya anavyokiri.

Nusu ya pili ya jibu inatoka Sweden, na inatia wasiwasi zaidi. Kabla ya uchaguzi mkuu wa mwaka 2010, watafiti wakiwemo Lars Hall na Petter Johansson waliwajazisha wapiga kura 162 dodoso kuhusu masuala yaliyotenganisha mirengo miwili mikuu. Kwa ujanja wa mkono kama wa mchezesha karata, baadhi ya majibu yalibadilishwa kisiri hadi jumla ikaonyesha kwamba mhusika anaelekea mrengo asioutaka. Kisha akaombwa aeleze majibu "yake".

Katika kila majibu 100 yaliyochezewa, yaliyogunduliwa hayakuzidi 22. Asilimia 92 ya washiriki waliikubali jumla ile ya uongo na kuitetea, wakitoa sababu zenye mantiki kwa misimamo ambayo hawakuwa wameichukua. Karibu nusu ya wote wakawa tayari kufikiria mrengo mwingine. Hawa hawakuwa wakishangilia timu. Waliamini wanachokisema, huku wakiunga sababu papo hapo.

Ndiyo maana mtu anayejihalalishia msimamo wake hajioni. Mwaka 2003 Geoffrey Cohen, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Yale, alichapisha majaribio kuhusu sera ya misaada kwa maskini. Wanafunzi waliambiwa sera fulani imeungwa mkono na chama chao au na chama pinzani. Waliifuata nembo, iwe sera yenyewe ni ya ukarimu au ya ubahili. Walipoulizwa sababu, walisema wameangalia yaliyomo. Wakakiri kwamba kweli chama hushawishi watu, ila watu wengine, hasa wapinzani.

Kenya haikuhitaji maabara kuliona hilo. Tarehe 9 Machi 2018, Uhuru na Raila walipeana mikono kwenye ngazi za Harambee House. Chini ya miezi minne na nusu kabla, tarehe 26 Oktoba 2017, Raila alikuwa amesusia marudio ya uchaguzi. Baada ya handisheki, wengi waliokuwa wakimwita Uhuru mwizi wa kura walianza kuzungumzia umoja wa taifa, nao wengi waliokuwa wakisifu serikali wakaanza kuhesabu madeni yake. Rekodi za serikali zilikuwa zilezile.

Chanzo cha tabia hii kinaeleweka ukiangalia gharama. Kura moja kati ya milioni 14 haiwezi kumwondoa rais, hivyo kukosea kuhusu takwimu za uchumi hakumgharimu mpiga kura chochote. Kutofautiana na majirani kunagharimu kila siku. Yule anayesema "mtu wetu alishindwa kihalali" atasikilizwa vipi kwenye chama cha akina mama, kanisani, msikitini au kwenye matanga? Kwa mtu wa kawaida, kubaki na jamaa zake kuna faida ya haraka kuliko kuwa sahihi.

Lakini kamba ina mwisho. David Redlawsk na wenzake, katika jaribio la kampeni ya kuigiza, waliona kwamba habari mbaya za mwanzo kuhusu mgombea anayependwa ziliweza hata kuzidisha mapenzi. Zilipozidi kurundikana, kufika mahali fulani, watu walikubali kubadilika. Mwaka 2022 Uhuru alimuunga mkono Raila, akitarajia watu wa Mlima Kenya, ngome yake, wamfuate. Wengi wao walimpigia Ruto. Wafuasi si kondoo. Huwa na mipaka yao, ingawa huifikia wakiwa wamechelewa.

Njia moja ya kujikagua haihitaji mtaalamu wala fedha. Habari ikimfurahisha mtu, ajiulize angeipokeaje kama majina yangebadilishana nafasi. Kama 142,000 ingetajwa kumtetea mpinzani, je, angetoa kikokotoo? Kwa hukumu ya mahakama, swali liulizwe mapema zaidi, kabla mshindi hajajulikana. Wanaobishana siasa katika bustani ya Jeevanjee, Nairobi, au kwenye baraza lolote la kahawa Mombasa, wanaweza kukubaliana leo ni ushahidi gani utawatosha na upi hautawatosha, wakauandika kwenye karatasi na kumkabidhi mwenzao anayeunga mkono upande mwingine.

Muda wa kufanya hivyo haujaisha. Kwa mujibu wa katiba, Wakenya watarudi vituoni Jumanne, 10 Agosti 2027. Matokeo ya urais yakipingwa, Mahakama ya Juu itakuwa na siku 14 za kusikiliza na kuamua. Karatasi hiyo iwe imeandikwa kabla ya siku ya kwanza.