TUKITAKA KWENDA KILWA KISIWANI

Ndugu wasomaji wa Tingi, wageni wanatoka Ulaya kuja kuitazama Kilwa Kisiwani. Sisi majirani, ni wangapi tumefika? Safari yenyewe si ngumu. Hebu tuelezane.

NJIANI
Tunapanda gari linalokwenda upande wa Lindi. Tunashuka Nangurukuru, njia panda. Hapo tunapata gari la Kilwa Masoko. Wakati wa masika tuulize kwanza hali ya barabara. Mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yaliikata barabara hii kuu.

KIBALI
Tukifika Masoko tusikimbilie bandarini. Kwanza twende ofisini tukachukue kibali cha kuyaona magofu. Tukilipa, tudai risiti. Tuisome: tarehe, idadi ya watu, na fedha tulizotoa. Kusoma tunajua, basi tukutumie.

BAHARINI
Kisiwa kinaonekana kwa macho kutoka Masoko. Bahari ikiwa shwari, mashua huvuka kwa muda usiofika saa moja. Tupatane nauli ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda. Tumwulize nahodha maji yanakupwa saa ngapi. Chombo kikijaa mno, tungoje kingine. Haraka haraka haina baraka. Tubebe maji ya kunywa na kofia, maana jua ni kali.

KISIWANI
Tutauona Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11. Tutaona Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14. Tutaona pia Gereza, mahali Wareno walipojenga ngome mwaka 1505. Kilwa ilitajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala, hata ikawa na sarafu zake. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akausifu mji.

TUTUNZE
UNESCO iliyaandika magofu haya katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, maana mawimbi na mvua vilikuwa vikizila kuta. Kazi ikafanyika, yakatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Basi tusipande kuta. Tusiokote kigae wala jiwe. Kigae kikiondolewa mahali pake, habari yake imepotea.

Tena kisiwani wanakaa watu. Tuvae kwa heshima, tupige hodi. Na watoto tuwachukue. Hii ni mali yao.