Haraka ya Askari na Funzo kwa Walimu

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Je, wangesemaje kuhusu askari ambaye uhai wake umo katika wepesi wa kujaza risasi bunduki yake? Swali hili lanihusu mimi, mwalimu wa isimu, kwa kuwa jibu lake laangaza ubishi ulioko shuleni baina ya wapendao mazoezi ya kurudiarudia na wale wayaonao kuwa ni kukaririsha kusiko na maana.

Tuanze na lugha. Mwenye gobore alimimina baruti mtutuni, akatia risasi, kisha akashindilia kwa mdeki. Mdeki umesahaulika, lakini kitenzi ‘kushindilia’ kingali vinywani mwetu. Mnamo 1607, Jacob de Gheyn alichapisha nchini Uholanzi kitabu cha michoro kilichoigawa kazi ya bunduki za aina hiyo katika hatua 43, kila hatua na amri yake. Kwa maoni yangu, hiyo ilikuwa sarufi: tendo refu lilikatwa vipande, kila kipande kikapewa jina, ndipo kikafundishika.

Jeshi la Uingereza lilifuata njia iyo hiyo kabla ya vita vya 1914. Askari alitakiwa kupiga risasi 15 kwa dakika moja, shabaha ikiwa umbali wa yadi 300, yaani takriban mita 275. Bunduki yake ya Lee-Enfield ilianza na risasi tano tu. Ilimlazimu basi kuijaza mara mbili, tano tano, katika dakika iyo hiyo. Ukigawanya, ni sekunde nne kwa kila risasi, kujaza kukiwamo.

Wepesi huo haukuletwa na makelele ya ‘fanya upesi’. Askari alifanya mazoezi kwa risasi bandia zisizo na baruti: kufungua komeo, kutoa risasi mkobani, kuzisukuma ndani kwa dole gumba, kufunga komeo, kulenga. Aliyezisukuma upogo, zilikwama. Sekunde aliyodhani ameiokoa ikampotezea nyingi. Kasi ilizaliwa na kuondolewa kwa kila msogeo usio na kazi, hata mkono ukajua njia bila kuulizwa.

Sisifii vita, la hasha. Ninachotaka mwalimu akione ni kwamba mwanafunzi anayesimama kwenye kila neno kutafuta upatanisho wa ngeli hana nafasi ya kufikiri anachotaka kusema. Wako wanafunzi waziorodheshao ngeli zote bila kosa, nao hushindwa kutunga sentensi tatu mfululizo. Wamepewa majina ya hatua, hawakupewa mazoezi.

Hata hivyo, wakereketwa wa mazoezi nao wasishangilie mapema. Askari yule hakupewa alama kwa mlio wa bunduki, bali kwa risasi zilizopata shabaha. Mtoto asomaye ukurasa mzima mbio mbio bila kuelewa anapiga risasi hewani, na mwalimu ampigiaye makofi anamdanganya.

Naam, wahenga hawakukosea. Hawakukemea wepesi; walikemea papara. Wepesi wa kweli hujengwa polepole, kipande kwa kipande, jicho likiwa shabahani.